Kile kichwa cha farasi kwenye Godfather ni cha kweli au cha bandia? Tumebishana mpaka watu wakafungua madirisha

MwanaMkunazini

Asalam aleikum wanajamvi, nisaidieni kabla sijaadhirika mtaani.

Juzi usiku umeme umekatika, tumekaa barazani petu hapa Mkunazini, mmoja laptop yake ina chaji tukasema haya tuangalie The Godfather ile ya mwanzo ya 1972. Wengine tushaiona zamani kwenye kanda zilizokwaruza, wengine ndo mara ya kwanza. Tukaenda vizuri mpaka ile sini yule bwana mwenye senema zake Hollywood anaamka asubuhi, anahisi majimaji kitandani, anafunua shuka anaona damu, anafunua tena damu imezidi, anafunua mpaka mwisho anakuta kichwa cha farasi wake kimelazwa miguuni kama mgeni. Ukelele alopiga hapo hata aliyekuwa anasinzia kaamka.

Sasa hapo ndo ubishi ukaanza. Mie nikasema kile kichwa cha bandia, nani atakubali kulala na kichwa cha mnyama kweli, na Wazungu na wanyama wao mnavowajua, mbwa tu ana daktari wake. Jirani yangu mmoja fundi makochi akasema hapana, kile cha kweli, tizama ulimi, tizama jicho lilivolegea, mie nashona ngozi na sponji kila siku na najua kitu kilojazwa kinavokaa. Tukapandishiana sauti mpaka bibi mmoja ghorofani kafungua dirisha anauliza kuna msiba au kuna ugomvi. Tukakubaliana atakayeshindwa anawanywesha kahawa na kashata baraza zima siku 3. (Masheikh tulieni, hii si kamari, ni kukirimiana.)

Halafu katikati ya makelele mwengine akaropoka eti yule paka anayepapaswa na Don (Vito Corleone, mkubwa wa majambazi) mwanzo wa filamu hakuwemo kwenye skripti, na mwengine akasema Marlon Brando, aliyecheza huyo Don, kakaa na pamba mdomoni filamu nzima. Yapi ya kweli hapo na yapi ya vijiweni? Wajuzi njooni, ila msiniletee mambo ya "nimesikia kwa mtu".

FundiProjekta

Wa aleikum salam mwanangu. Kaandae kahawa, umeshindwa.

Kichwa kile ni cha farasi wa kweli. Mazoezini walitumia cha bandia, dairekta Francis Ford Coppola akakitizama akaona hakimtishi mtu, ndo watu wake wakaenda kwenye kiwanda cha chakula cha mbwa huko New Jersey. Kiwanda kile kilikuwa kinachinja farasi kila siku kwa kazi yake, kwa hiyo hakuna farasi aliyeuliwa kwa ajili ya senema, wao walichagua tu mmoja anayefanana na yule wa kwenye filamu wakasema huyu zamu yake ikifika tuleteeni kichwa. Kikaja ndani ya sanduku limejaa barafu kavu. Yule mzee anayepiga ukelele, John Marley, mazoezi kafanya na kile cha bandia na siku ya kupiga picha kaletewa hiki, kwa hiyo ule ukelele muhesabie asilimia ngapi ni uigizaji mwenyewe. Na kilichomchekesha Coppola baadae ni kuwa filamu ile binaadamu wanauliwa kama kuku, wananyongwa, wanapigwa risasi kwenye kituo cha kulipia barabara, mtu haulizi, lakini wapenda wanyama walikuja juu kwa ajili ya farasi. Kwa hiyo hapo kwenye Wazungu na wanyama wao umepatia, ila kahawa utanunua.

Paka. Aliekwambia kasema kweli. Paka yule alikuwa wa kuzurura tu, kaingia studio kama paka wa Darajani anavoingia kwenye meza ya samaki, Coppola akamuokota akamtia mikononi mwa Brando bila kusema neno. Brando alikuwa mtu wa wanyama, akaanza kumpapasa huku anaendelea na maneno yake kama vile paka kazaliwa nae. Ikawa paka karidhika mno, anakoroma juu ya mapaja kwa sauti, mafundi wa sauti wakaja kusikiliza wanachokuta ni paka, Don hasikiki, ikabidi baadhi ya maneno yarekodiwe upya. Sasa leo mtu yeyote akitaka kuigiza Don kitu cha mwanzo anatafuta paka, na paka mwenyewe hajaalikwa wala hajalipwa.

Pamba ni nusu kweli. Wakubwa wa studio ya Paramount walikuwa hawamtaki Brando, wanasema msumbufu na filamu zake haziingizi pesa tena. Coppola akaenda nyumbani kwake na kamera ndogo kumpiga picha za majaribio, Brando akajipaka kiwi ya viatu kwenye nywele zikawa nyeusi, akajaza mashavu, akasema nataka huyu mzee awe kama mbwa yule mwenye mashavu ya kuning'inia. Hapo sawa pamba. Lakini kwenye filamu yenyewe alikuwa anavaa kifaa cha mdomoni alotengenezewa na daktari wa meno, mana na pamba huwezi kusema siku nzima ukatoka salama. Na uzee wote ule ni kazi ya fundi wa mekapu Dick Smith, Brando alikuwa na miaka 47 tu! Mie mwenyewe nimempita kwa miaka 21 na sina mashavu yale.

Jengine mtanisamehe nashindwa kunyamaza. Brando alikuwa hahifadhi mistari. Wanamuandikia kwenye makaratasi makubwa yanabandikwa huku na huku, ipo mpaka picha Robert Duvall kasimama mbele yake na karatasi kifuani ili mwenzake asome. Sasa ukiiangalia tena tizama macho ya Don yanavotembea pole pole kabla ya kusema neno. Sisi tulikuwa tunasema mzee ana hekima anafikiri kwanza kumbe anatafuta karatasi.

ChakeBoy

Mie n'lijua tu cha kweli. Kahawa hiyo tunaijia kutoka Pemba na boti, siku 3 nyingi hizo wekeni na mikate ya ajemi

Mwalimu wa Skuli

Mzee FundiProjekta kamaliza kazi, mimi naongeza moja tu ambayo naipenda kuliko zote, ya Luca Brasi.

Yule pande la mtu anayekuja harusini kumshukuru Don, maneno yanamkwama, anarudia rudia kama mwanafunzi alosahau shairi mbele ya mgeni rasmi. Jina lake Lenny Montana, alikuwa mcheza mieleka, na hakuwa muigizaji wa kusomea, na inasemwa wazi kuwa hata huko mtaani alikuwa na mafungamano na familia ya Colombo, majambazi wa kweli wa New York. Sasa mtu huyo ambaye hamuogopi yeyote akawekwa mbele ya Marlon Brando akaingiwa na woga, kila akifungua mdomo mistari inakimbia. Dairekta mwengine angemtoa. Coppola kaacha makosa vile vile halafu akaenda kupiga kipande chengine kidogo, Luca kakaa peke yake nje harusini anajifunza maneno yake kwa sauti kabla ya kuingia, kwa hiyo sisi tunaona aah, maskini, anamuogopa bosi. Woga wa muigizaji ukageuzwa woga wa Luca. Mimi nasomesha, na kila mwaka siku ya mahafali namuona Luca Brasi kama 6 hivi jukwaani.

Na nyengine: sikilizeni filamu nzima ya kwanza kwa makini, neno "Mafia" halimo. Sisi huku ukisema Mafia mtu anajua kisiwa, unakwenda kuogelea na papa potwe, lakini New York mwaka 1971 lilikuwa neno la kutoa roho. Joe Colombo, mkubwa wa ile ile familia ya Colombo, alikuwa ameunda jumuiya ya kutetea haki za Wamarekani wenye asili ya Italia, anasema filamu hii inatuchafulia jina Wataliano wote. Basi prodyuza Al Ruddy akakaa nae, wakaafikiana neno Mafia litolewe, na lenyewe halikuwemo mara nyingi. Baada ya hapo milango ikafunguka, kwenye mitaa waliyokuwa wanakataliwa wakakaribishwa. Halafu tarehe 28 Juni 1971, bado wanapiga picha za filamu ndani ya mji huo huo, Colombo akapigwa risasi mbele ya umati wa watu kwenye mkutano wake mwenyewe Columbus Circle. Hakufa siku ile, aliishi amepooza mpaka 1978. Fikirieni mnatengeneza senema ya majambazi huku mitaa michache kutoka hapo jambazi wa kweli anapigwa risasi hadharani.

Na alieandika kitabu, Mario Puzo, mwenyewe alikiri hakuwahi kukaa na jambazi hata mmoja. Alikuwa na madeni, mengine ya kamari, akasema wacha niandike kitu kitakachouza, akasoma soma makaratasi akaandika. Kitabu kikatoka 1969.

Zubeda_Vuga

Nyie wanaume mnazungumza kama hii hadithi mumeijua kwa Wamarekani. Mie hii niliijua kwa Wahindi.

Nyumbani kwetu hatukuwa na habari ya Brando wala nani, mama alikuwa na deki, na Alkhamisi jioni ndo siku ya picha ya Kihindi, mabibi wa mtaa wanajaa sebuleni wengine wamekuja na kazi zao za ukili. Ndo nikaiona Dharmatma ya Feroz Khan, ya 1975, Premnath ndie baba mkubwa, watu wanamuamkia na kumpelekea shida zao, mtoto wake hataki kazi za baba, kaenda Afghanistan huko anapanda farasi na kumpenda Hema Malini (na kweli waliipiga Afghanistan, ile jangwa si la kuchora). Baadae nakuja skuli ya sekondari naonyeshwa Godfather na kaka zangu wanajifanya wananifunulia siri kubwa. Nikawaambia hii naijua, huyu baba atafanya hivi, huyu mtoto atarithi. Wakadhani mie mchawi. Tena ya Kihindi ina nyimbo.

Haya nami niseme langu la nyuma ya pazia. Hii filamu ni duka la ukoo kama maduka ya Darajani, baba kaunta, mtoto stoo. Connie, binti wa Don na dada wa Michael, yule anayeolewa mwanzo, ni Talia Shire, dada yake dairekta wa tumbo moja. Baba yao Carmine Coppola katia muziki, na mwenyewe anaonekana anapiga piano pale majambazi wamejificha kwenye nyumba wamelala magodoro chini. Na kile kichanga kinachobatizwa mwisho huku watu wanauliwa mji mzima, kwenye filamu ni mtoto wa kiume, lakini ni Sofia, mtoto wa kike wa dairekta, kazaliwa Mei 1971 hana hata arubaini nyingi.

Na Sofia huyo huyo Part III ya 1990 akatiwa kucheza Mary, mtoto wa Michael. Alotakiwa alikuwa Winona Ryder, akafika Rome kaugua uchovu hajiwezi akajitoa dakika za mwisho, baba kamwita bint yake. Watu wakamla nyama mbichi magazetini, msichana wa miaka 19. Mie hapo huwa nakasirika, mana kosa kama lipo ni la alomtia. Baadae akawa dairekta mwenyewe akapata Oska yake ya uandishi 2004, sijui waliomcheka walisemaje.

PapasiMstaafu

Haya na sisi wa Kiwengwa tupeni nafasi.

Mie nimekuwa papasi, kuzungusha watalii pwani, miaka 14, sasa nimeacha nina kibanda cha vinyago, na Kitaliano changu chote nimekipata mchangani, sijaingia darasani hata siku moja. Bei nakuambia kwa Kitaliano, pole nakupa kwa Kitaliano, hata ndoto nshawahi kuota kwa Kitaliano. Siku moja msimu wa masika hakuna wageni nikaweka Part II, zile sehemu za Don akiwa kijana, De Niro na wenzake wanazungumza dukani, nikakaa kitako nikasema leo mie sisomi maandishi ya chini, leo nakula vya kwetu. Wallahi sikuambulia. Neno moja hapa neno moja kule, kama redio ya mbali. Nikasema labda spika. Nikazidisha sauti. Vile vile.

Nikaja kumuuliza mgeni mmoja mzee anatoka Catania, anakuja kila Disemba, akacheka mpaka akamwaga kahawa yake. Akaniambia kile si Kitaliano, kile Kisisilia, hata mtu wa Milano anasoma maandishi ya chini. Ndo nikaelewa, sawa na umchukue mtu wa Dar umtupe Makunduchi katikati ya wazee wanaozungumza Kikae, atasema na hawa Waswahili kweli? Na De Niro si mtu wa Sicily, mtoto wa New York, alikwenda kukaa Sicily kujifunza lugha. Kwenye filamu nzima Kiingereza chake ni cha kuokoteza. Akapata Oska. Kwa hiyo Brando kapata Oska kwa Vito Corleone mzee, De Niro kapata kwa Vito Corleone kijana, mtu mmoja wa kutungwa kachukua sanamu 2. Ila ile ya Brando hakuichukua, 1973 alimtuma Sacheen Littlefeather akaikatae jukwaani kwa ajili ya namna Hollywood inavowafanya Wahindi Wekundu, ukumbi wengine wanapiga makofi wengine wanazomea.

Na mgeni wangu huyo kanionesha picha kakaa nje ya Bar Vitelli, pale Michael anapomposa Apollonia kwa babaake. Ipo mpaka leo, lakini haipo Corleone! Corleone ni mji wa kweli ila walipokwenda kuutizama waliona ushakuwa wa kisasa mno, wakahamia vijiji vya upande wa pili wa kisiwa, Savoca na Forza d'Agrò. Savoca leo wageni wanashuka kwa mabasi kunywa kinywaji cha limao kwenye kiti alokaa Al Pacino, aliyecheza Michael. Jamani sisi tukipata filamu moja kama ile mtaani, papasi hatulali.

Halafu mkae mkijua kuwa Pacino babu yake mzaa mama alitoka Corleone kweli. Na wakubwa wa studio walikuwa hawamtaki! Mfupi, hajulikani, anasema chini chini, wao wanamtaka Robert Redford. Mtaliano mwenye nywele za dhahabu, hebu nitolee.

MwanaMkunazini

Subhanallah, nimeuliza kichwa cha farasi nimepewa farasi mzima.

Sawa nimekubali cha kweli. Fundi makochi nimemsomea alojibu Mzee FundiProjekta kasimama juu ya baraza kaniomba nirudie mara 2. Lakini bado kuna moja, yule yule fundi keshapata kiburi anasema kila ukiona machungwa kwenye filamu ile mtu anakufa, eti ni alama ya siri. Don alipopigwa risasi alikuwa ananunua machungwa, Don alipokufa alikuwa na chungwa. Hii nayo kweli?

Mwalimu wa Skuli

Kama chungwa ni dalili ya kifo basi Mwanakwerekwe tungeshakwisha, soko lipo pale na makaburi yapo pale pale 😂

Alotengeneza mandhari ya filamu, Dean Tavoularis, kasema mwenyewe walitia machungwa kwa sababu picha ilikuwa na kiza mno, rangi zote kahawia na nyeusi, unahitaji kitu kimoja kichangamshe jicho. Ni bakuli la matunda tu. Watu wakaja wakahesabu maiti na machungwa wakapata elimu mpya.

Na hicho kiza ni hadithi peke yake. Mpiga picha Gordon Willis alikuwa anatia taa juu ya kichwa badala ya mbele, sababu moja ni ile mekapu ya Brando ya kuzeeshwa, taa ya mbele ingemfichua. Matokeo yake macho ya Don huyaoni, mashimo mawili tu. Wakubwa wakalalamika tunamlipa Brando halafu macho yake hayaonekani! Willis akaitwa mwana wa mfalme wa kiza. MwanaMkunazini nyie mumeiangalia kwenye laptop umeme umekatika, naapa nusu ya filamu hamkuiona.

FundiProjekta

Mwalimu kasema sawa, ila lile chungwa la mwisho msilipite hivi hivi.

Don yuko bustanini kwenye nyanya zake na mjukuu wake mdogo. Sini ile ilikuwa haiendi, mtoto hachangamki. Brando akasema mie nina mchezo nawafanyiaga watoto wangu nyumbani, akachukua ganda la chungwa akalikata meno, akalitia mdomoni, akamgeukia mtoto na kunguruma. Mtoto hakuambiwa. Ule woga wake na kilio ni chake kweli, hajaigiza hata tone. Halafu wanacheka, wanakimbizana, na mzee anaanguka kwenye miti ya nyanya, mtoto anadhani bado mchezo. Mie kila nikifika pale nakumbuka babu yangu mzaa mama, alikuwa anatutisha kwa ganda la chungwa vile vile, shamba, chini ya mkarafuu. Naacha hapo.

Nilisahau na ya Pacino kuumia. Ile sini ya mkahawani Michael anapowaua Sollozzo, muuza unga adui wa baba yake, na yule kapteni wa polisi, ndo iliyomuokoa asifukuzwe, wakubwa walipoiona wakanyamaza. Lakini wakati wa kutoka alitakiwa arukie gari inayoondoka, akakosa, akaumia kifundo cha mguu, akalala pale chini anamshukuru Mungu akidhani sasa ndo watamuachia aende zake. Hawakumuachia. Kalipwa dola 35,000 kwa filamu nzima.

KanuniNaFidla

Mie mtu wa taarabu nasema la muziki tu. Nino Rota alotunga ile sauti ya Godfather inayotia huzuni hata kama huna shida, Oska ya ile filamu ya kwanza jina lake lilitiwa kisha likatolewa, kwa sababu sehemu ya ile ile sauti aliwahi kuitumia kwenye filamu ya Kitaliano, Fortunella ya 1958. Amejiiba mwenyewe wakamwambia haifai. Part II akapewa, yeye na babaake dairekta. Sasa kwa sheria ile sisi nyimbo ngapi za Kihindi tumezitia maneno yetu tukaimba harusini, tungebaki na ngapi?

ChakeBoy

Yakhe na kwa nini yule mnene Clemenza Part II hayupo, n'livomtafuta. Yule wa keki

Zubeda_Vuga

Ni cannoli, vitamu vya Kisisilia, si keki. Hilo neno la Clemenza, "acha bunduki, chukua cannoli", la kuchukua cannoli halikuwemo kwenye skripti, iliandikwa aiache bunduki basi, Richard Castellano mwenyewe akamalizia. Na Part II hawakuelewana nae, yeye alitaka mambo yake kwenye maneno ya kusema, ndo wakamtunga mtu mwengine kabisa Frank Pentangeli kujaza pengo. Brando nae alikuwa atokee siku moja tu mwisho wa Part II, ile ya kusherehekea siku ya kuzaliwa kwa Don, hakutokea. Wakapiga hivo hivo, wote mezani wanamsubiri, anasikika kaingia mlangoni wanakimbilia huko, Michael anabaki peke yake mezani. Ukiniuliza mie ndo ikawa nzuri zaidi. Part III Duvall kagoma kwa ajili ya pesa. Na Cuba yao ile ya Part II waliipiga Santo Domingo.

MwanaMkunazini

Wanajamvi narudi kutoa taarifa.

Siku ya kwanza nimelipa. Nimemwita muuza kahawa na birika lake akaweka kituo hapa hapa, fundi makochi kakaa katikati ya baraza kwenye kiti alichokishona mwenyewe, na paka mmoja wa pale msikitini, yule wa rangi ya tangawizi mwenye sikio moja, akaja akamrukia mapajani na kulala. Hakuitwa na mtu! Sasa hataki kuzungumza kwa sauti, anatuinamia ananong'ona, anataka tumbusu mkono ndo atupe ruhusa ya kikombe cha pili.

Tatizo jengine kubwa zaidi. Siku ya ubishi tulikuwa watu 9. Jana wamekuja 17, leo asubuhi nimeulizwa na mtu wa Kikwajuni nisiyemjua kahawa inaanza saa ngapi, na filamu yenyewe hajaiona.

ChakeBoy

Boti ya saa moja nimo. Niwekee kikombe